Udongo Haulishi Mchicha

Hoja mnazijua. Mmezisikia vijiweni Mbagala na Tegeta, kwenye maduka ya pembejeo, ndani ya daladala za Chamazi na Bunju, na nyingine mlifundishwa darasani. Zote zinagusa jambo moja: mmea unapata wapi chakula chake, na unakitumiaje. Nimezisikiliza kwa makini, nyingi kutoka kwa watu wanaolima kweli, na nimeona hazisimami. Nitazieleza moja moja kama wenyewe wanavyozieleza, bila kuzipunguzia nguvu, kisha ninyi wasomaji mtaamua kwa ushahidi. Jambo lenyewe si dogo. Kwa sababu ya hoja hizi watu wanakata miembe iliyowapa kivuli miaka mingi, wanachuma kisamvu hadi mihogo inabaki vijiti, na wanamwaga urea kwenye matuta yasiyoona jua.

Hoja iliyozaa nyingine zote inasema mmea unakula udongo. Mizizi ndiyo mdomo, samadi na urea ndiyo mlo, na jani ni dalili tu ya kushiba. Ushahidi wanaoutoa si wa kubeza: tuta la mchicha lililopauka, ukilitia urea kidogo na kulimwagilia, baada ya siku chache linarudi kijani na majani yanatanuka. Kila mkulima ameliona hilo, wala mimi silibishi. Ninachobisha ni hitimisho. Kama mmea ungekula udongo, bonde la Msimbazi, ambako mchicha unavunwa kila baada ya wiki tatu au nne mwaka hadi mwaka, lingekuwa shimo. Mboga zimetoka pale kwa marobota, zikapakiwa kwenye pikipiki na bajaji kwenda sokoni, na matuta yapo palepale.

Atakayejibu kwamba samadi na tope la mafuriko ndivyo vilivyoziba pengo, nampa jaribio lisilokuwa na samadi wala mafuriko. Jan Baptist van Helmont, mtabibu wa Brussels, aliukausha udongo, akapima ratili 200, akautia kwenye chombo na kupanda humo mche wenye ratili 5. Kwa miaka 5 aliumwagilia maji tu. Mti ukafika ratili 169 na ushei. Alipoukausha udongo na kuupima tena, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Van Helmont naye alikosea, kwa maana alihitimisha kwamba mti mzima umetokana na maji, hewa hakuifikiria. Lakini kwa upande wa udongo, vipimo vyake vinatosha kuifunga kesi.

Ushahidi mwingine uko nyumbani kwenu. Gunia la mkaa likiisha, majivu yote yaliyobaki ni sehemu ndogo mno ya uzito ulionunua. Majivu hayo ndiyo yaliyotoka ardhini: potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, fosforasi na wenzake. Mkaa wenyewe ni kaboni, na kaboni hiyo mti uliivuta hewani ikiwa kabonidayoksaidi, ambayo wengi tunaiita hewa ukaa, ingawa hewa hiyo ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa yote inayotuzunguka. Ukiukausha mmea kabisa, kaboni na oksijeni peke yake ni karibu asilimia 90 ya uzito wake, na hidrojeni ni karibu asilimia 6. Vyote vinavyotoka kwenye udongo na kwenye mfuko wa mbolea vinagawana asilimia chache zinazobaki.

Basi urea ilifanya nini pale tutani? Ilipeleka naitrojeni. Bila naitrojeni mmea hauwezi kuunda klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, wala vimeng'enya vinavyounganisha hewa ukaa na maji kuwa sukari. Mchicha ulirudi kijani kwa sababu ulipata vyombo vya kupikia. Chakula chenyewe ulikipika baadaye, kwa jua. Anayeshikilia kwamba mbolea ni mlo afanye jaribio la gharama ya kopo mbili: apande mchicha kwenye zote mbili, azitie mbolea sawa na maji sawa, moja aifunike kwa ndoo isiyopitisha mwanga. Miche ya gizani itachomoza mirefu, myembamba, ya njano, kisha itakufa akiba ya mbegu ikiisha, huku mbolea ikiwa imejaa miguuni pake. Kama mbolea ni chakula, imekufaje kwa njaa?

Hoja inayofuata inatoka kwa wenye mihogo nyuma ya nyumba, kuanzia Toangoma hadi Mabwepande. Wanasema wanga wa muhogo unatengenezwa chini, ndani ya mzizi wenyewe, kwa sababu ndiko unakokutwa. Jani ni mboga ya ziada. Chuma utakavyo, muhogo utajaa tu. Wanaongeza kwamba wamechuma kisamvu miaka yote na mihogo imepatikana.

Tuanze na mahali wanga unapoanzia, kwa sababu hilo linaweza kuonekana kwa macho. Chukua mmea uliokaa gizani siku mbili, ufunike nusu ya jani lake moja kwa foili, kisha uweke juani tangu asubuhi hadi alasiri. Chuma jani hilo, toa foili, lichemshe kwenye maji, kisha litie kwenye spiriti iliyo ndani ya chombo cha maji ya moto, mbali na mwali, mpaka ukijani wote utoke na jani libaki jeupe na lenye kukatika. Lisuuze, lidondoshee iodini. Upande uliokuwa juani unageuka buluu iliyokoza, karibu nyeusi: hapo pana wanga. Upande uliokuwa chini ya foili unabaki na ule uhudhurungi wa iodini: hapo hapana. Mpaka wa foili unaonekana wazi kama uliochorwa kwa rula. Hakuna mzizi uliohusika. Mwanga ulipogusa, wanga ulikuwapo, ulipozuiwa, haukuwapo.

Kutoka jani, chakula husafiri kikiwa sukari kupitia floemu, mishipa iliyo kwenye gome, hadi kwenye mzizi, na huko hugeuzwa tena kuwa wanga wa akiba. Katika karne ya 17 Marcello Malpighi wa Italia aliwahi kubandua pete ya gome kuzunguka shina akaona sehemu ya juu ya pete inavimba. Kinachoshuka kilikuwa kimezuiwa njiani. Kama wanga ungezaliwa chini na kupanda, uvimbe ungekuwa upande wa pili.

Wakulima wenyewe wanao ushahidi unaowapinga, na wanausimulia bila kuuona uzito wake. Kiangazi muhogo hupukutisha majani. Mvua zikianza unachipua upya, na ukiung'oa wakati huo unaukuta una majimaji, hauivi vizuri, hauna unga. Unga umekwenda wapi? Umepandishwa juu kulisha machipukizi, kwa sababu hapakuwa na jani la kutengeneza kingine. Anayechuma majani yote kila wiki anaulazimisha muhogo kufanya hivyo mwaka mzima. Ninakubali, kwa haki, kwamba kuchuma majani machache na kuupumzisha mmea hakuleti hasara kubwa, na ndiyo maana wanaochuma kwa kiasi wamepata mihogo. Lakini mafanikio yao yametokana na majani waliyoyaacha.

Tena tuna mfano mkubwa zaidi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, kilichomo ndani ya Kinondoni, kimeshughulika kwa miaka mingi na magonjwa mawili ya virusi vya muhogo, batobato na michirizi kahawia. Michirizi kahawia huozesha mzizi wenyewe, kwa hiyo hilo naliweka kando. Batobato, iliyoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 huko Usambara, ni habari nyingine: inaenezwa na inzi weupe pamoja na vipando vyenye ugonjwa, inalikunja jani na kulitia mabaka ya njano. Mzizi hauna kidonda. Lakini ung'oeni muone ulivyokonda. Wanaosema jani halihusiki watuambie ni nini kilichoupunguza.

Sasa hoja ambayo imeingia hadi madaftarini: mmea huvuta hewa ukaa, huigeuza, na kuitoa ikiwa oksijeni. Ina mvuto kwa sababu hesabu yake inaonekana rahisi. Hewa ukaa ina oksijeni ndani yake, ondoa kaboni, imebaki oksijeni. Lakini kuna bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga na hewa ukaa kama mimea, isipokuwa mahali pa maji wao hutumia hidrojeni salfaidi. Hao hawatoi oksijeni hata chembe, wanatoa salfa. Cornelis van Niel aliliona hilo miaka ya 1930 na akauliza swali ambalo hoja ya madaftari haina jibu lake: ikiwa oksijeni inatoka kwenye hewa ukaa, mbona hawa wanaoitumia hewa hiyo hiyo hawaitoi? Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen, huko Marekani, pamoja na wenzao, walitumia maji yenye oksijeni nzito ya namba 18 kama alama. Alama ile ikatokea kwenye gesi iliyotolewa na miani. Oksijeni tunayovuta ilitoka kwenye maji yaliyopasuliwa kwa nguvu ya mwanga. Hewa ukaa inakwenda kwingine, kwenye sukari.

Hoja ya nne ina madhara kuliko zote, nami nitakaa nayo kidogo. Inasema usilale chini ya mti wala usiweke ua chumbani, kwani usiku mmea hutoa hewa ya sumu na unaweza kukuua. Chanzo chake kinaheshimika. Jan Ingenhousz, mwaka 1779, ndiye aliyethibitisha kwamba mimea hutoa ile hewa njema, yaani oksijeni, ikiwa kwenye mwanga tu na kwa sehemu zake za kijani, na kwenye jina la kitabu chake akaandika kwamba gizani na usiku mimea huiharibu hewa. Kwa hiyo wanaoisema hoja hii hawakuitunga, na kiini chake ni kweli: usiku usanisinuru, yaani kupika chakula kwa mwanga, unasimama, kupumua kunaendelea, na hewa ukaa inatoka.

Kinachokosekana ni kiasi. Mtu mmoja mzima hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa siku. Ua la kwenye kopo, kwa usiku mzima, halifikii hata sehemu ndogo ya kile anachotoa mtoto mchanga aliyelala pembeni yako. Kama ua ni hatari, basi mume, mke na watoto wanne katika chumba kimoja cha kupanga Buza au Manzese wangekuwa wamekufa usiku wa kwanza. Na mwembe uko nje, mahali pa wazi, ambako upepo wa bahari na wa nchi kavu haukomi. Hewa ukaa yake haikusanyiki popote.

Halafu sikilizeni nusu ya pili ya mazungumzo hayo hayo. Mtu yule yule anayeuogopa mwembe usiku atakwambia mchana uweke maua mawili sebuleni ili nyumba ipate oksijeni ya kutosha. Mambo haya mawili hayakai pamoja. Mmea ulio dhaifu kiasi hicho usiku hauwezi kuwa na nguvu kiasi hicho mchana. Ili kufidia oksijeni ya mtu mmoja kwa siku, unahitaji makumi ya mita za mraba za majani yaliyo kwenye mwanga mzuri, na sebuleni mwanga ni hafifu. Kopo mbili za ua ni mapambo mazuri, hewa ya chumba inaletwa na dirisha.

Nasema hoja hii ina madhara kwa sababu inaelekeza hofu mahali pasipo na kifo. Kinachoua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa ni jiko la mkaa. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Mmea hautoi gesi hiyo kwa kiasi cha kumdhuru mtu, usiku wala mchana. Anayetoa ua nje na kuingiza jiko ndani wakati wa mvua za masika ameihamisha hatari kutoka mahali isipokuwapo hadi kitandani kwake.

Na hata ile kanuni kwamba kila mmea usiku hutoa hewa ukaa tu, ina wakaidi wake. Nanasi la Kiwangwa mnalolinunua barabarani, pamoja na mkonge wa Tanga, hufungua stomata zake usiku, vile vitundu vidogo vya jani, huvuta hewa ukaa na kuihifadhi ikiwa asidi, kisha mchana hufunga vitundu ili maji yasipotee na kuitumia akiba hiyo jua likiwaka. Wenye hoja ya sumu ya usiku hawajawahi kutueleza wanaliweka wapi nanasi.

Ndugu wa hoja hiyo ni dai kwamba mchana mmea haupumui. Wanasema unatengeneza chakula tu, na chakula hicho ni kwa ajili yetu. Sivyo. Mmea unapumua saa zote 24, kila sehemu yake iliyo hai, pamoja na mizizi. Sehemu kubwa ya sukari inayotengenezwa mchana, mara nyingi karibu nusu, mmea wenyewe unaichoma ili kuishi. Inayobaki inajenga shina, mbegu, mafuta ya nazi, wanga wa muhogo. Mchana hewa ukaa ya kupumua haionekani kwa kuwa inatumiwa upya papo hapo. Anayetaka ushahidi kwamba mizizi inapumua aende kwenye matuta yaliyofurikwa: mchicha unanyauka ukiwa umesimama ndani ya maji, kwa sababu udongo uliojaa maji hauna oksijeni. Kisha ateremke hadi kwenye mikoko ya Kunduchi au Mtoni Kijichi maji yakiwa yamekupwa. Chini ya miti ya mchu ataona mizizi myembamba, yenye urefu wa penseli, imesimama wima juu ya tope kwa mamia. Mzizi uliozaliwa kutafuta maji unapanda juu kutafuta hewa. Kama mimea haipumui, mchu unasumbuka bure.

Wapo wanaosema pia kwamba jua likizidi chakula kinazidi, na kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta na ina mchana wa takribani saa 12 mwaka mzima, mmea hapa hauwezi kukosa. Hadi asubuhi saa nne nakubaliana nao. Baada ya hapo, kwa mimea mingi, jani limeshafikia kikomo chake. Mwanga unaoongezeka haliwezi kuutumia. Maji yakipungua, jani linafunga stomata ili kuokoa unyevu, na likifunga, hewa ukaa haiingii. Joto nalo linamfanya rubisko, kimeng'enya kinachoikamata hewa ukaa, azidi kukamata oksijeni kwa makosa na kupoteza sukari iliyokwisha kupatikana. Ndiyo maana saladi inalala saa saba mchana huku jua likiwa tele. Mchicha, mahindi na miwa vinastahimili kwa sababu vina njia ya ziada, iliyoelezwa na Hatch na Slack huko Australia mwaka 1966 kwenye miwa: vinakusanya hewa ukaa kwenye seli za nje na kuirundika kwenye seli zinazozunguka mishipa, ambako rubisko hapati nafasi ya kukosea. Jua ni lile lile juu ya tuta la saladi na tuta la mchicha. Kinachotofautiana ni jani.

Kwa mchicha mwekundu sitachukua nafasi kubwa. Wanasema haufanyi usanisinuru kwa kuwa si kijani. Wauchemshe. Maji yatageuka mekundu, na majani yaliyobaki sufuriani yatakuwa ya kijani. Klorofili ilikuwamo muda wote, imefunikwa.

Hoja ya mwisho inasemwa na watu walio upande wangu, wanaotaka misitu ibaki, na siwezi kuiacha kwa sababu hiyo. Wanasema msitu wa Pugu ni mapafu ya Dar es Salaam. Ukikatwa, watu wa Temeke na Kinondoni watakosa oksijeni. Hawatakosa. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa yote ya dunia, na upepo unaichanganya. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa, kwa kupumua kwa miti yenyewe na kwa kuvu, bakteria na wadudu wanaoozesha majani yaliyoanguka. Mkata mkaa akiambiwa dai hili atajibu kwamba ameshakata sana na bado anapumua, na hapo mtetezi wa msitu ananyamaza wakati alikuwa na hoja za kushinda. Alipaswa kusema kwamba Pugu na Kazimzumbwi zina mimea ya misitu ya pwani isiyopatikana kwingine kokote. Alipaswa kusema kwamba kaboni iliyokusanywa na mti mmoja kwa makumi ya miaka inarudi hewani kwa majiko ya wiki chache. Na kwamba Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu: vikibaki uchi, mvua haizami ardhini, inashuka na tope hadi Jangwani.